Bagamoyo kwa miguu: ingia mjini kwa njia ya wapagazi

Wengi wanaokwenda Bagamoyo kutoka Dar es Salaam hushuka stendi, wakakodi bajaji hadi ufukweni, wakala samaki, wakapiga picha mbele ya Ngome Kongwe, wakarudi. Waulize wameona nini, watakwambia magofu. Siwalaumu, kwa sababu mji ule ukiuanzia baharini haueleweki. Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia iliyotoka Ujiji ikapitia Tabora, zaidi ya kilomita elfu moja, na waliofika na pembe za ndovu begani waliingia kwa upande wa bara. Bahari waliiona mwisho.

Kwa hiyo tutaufuata mpangilio wao: Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara, kwanza, halafu Mtaa wa India, ngome na boma, forodhani, pwani. Misheni ya Wakatoliki baada ya chakula cha mchana. Kaole, magofu yaliyo nje ya mji, ina hesabu yake, nitaieleza mwishoni. Huhitaji gari wala kiongozi wa kukodi. Unahitaji viatu vizuri na kuamka mapema.

1. Chagua siku, na uangalie maji

Kuanzia Juni hadi Septemba ndio wakati mzuri: upepo wa kusi, jua la kuvumilika, njia kavu. Januari na Februari joto la Bagamoyo halina huruma, na masika ya Machi hadi Mei hugeuza vichochoro kuwa tope. Siku za kazi mji umetulia. Jumapili Misheni kuna misa, kwa hiyo usiingie kanisani na kamera asubuhi. Ijumaa adhuhuri shughuli nyingi husimama kwa ajili ya sala, basi panga kuwa umekaa mahali pa kivuli saa hiyo. Ukienda Ramadhani, jua kwamba migahawa mingi ya Mji Mkongwe hufungwa mchana, na kutafuna huku unatembea mtaani ni kukosa adabu, hata kama hufungi wewe.

Jambo ambalo watu wa bara husahau ni maji kupwa na kujaa. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, bahari hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na pwani ya Bagamoyo ilivyo tambarare, utaona mashua zimelala ubavu mchangani na watu wanatembea mbali ndani. Siku za maji mafu tofauti hiyo ni ndogo, na saa zile zile utakuta maji yamejaa. Zote ni nzuri kuona. Ila kama unataka kuelewa kwa nini meli kubwa hazikuweza kusogea hapa, na kwa nini Wajerumani waliikimbilia bandari ya Dar es Salaam, nenda siku ya bamvua. Utapata jibu kwa macho.

2. Safari

Kutoka Dar, mabasi madogo ya Bagamoyo hupakia stendi ya Makumbusho. Ni kilomita kama 70, kupitia Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo. Ugumu wa safari uko kwenye foleni ya kutoka mjini, kwa hiyo panda saa kumi na mbili asubuhi au karibu na hapo. Wanaotoka Tanga, Moshi au Arusha hawana haja ya kufika Dar: shukeni Msata, kuna lami ya kilomita 64 hadi Bagamoyo.

Beba maji, kofia au mtandio, kitambulisho cha taifa (kiingilio cha mwananchi ni nafuu kuliko cha mgeni, lakini uthibitishe), na noti ndogo ndogo. Wanawake wataona faida ya kanga moja ya ziada kwenye mkoba. Inafaa kujifunika ukipita mahali pa ibada, na inafaa kukalia.

3. Anzia Caravan Serai

Kutoka stendi ulizia Caravan Serai, kila mtu anapajua. Usishawishike kwenda kwanza pwani. Lipia kiingilio hapo, chukua risiti, uliza kama inatumika pia kwenye majengo mengine ya Mji Mkongwe, kisha itunze.

Jengo lenyewe si la kutisha: ua mpana katikati, vyumba pembeni, makumbusho madogo. Simama uani dakika chache kabla ya kusoma mabango. Hapa ndipo misafara ilipotua na kupangwa upya. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na safari ya kutoka maziwani hadi pwani ilichukua miezi. Kushuka walileta pembe. Kupanda walibeba vitambaa, hasa ile merikani nyeupe, pamoja na shanga na nyaya za shaba.

Hapa niseme jambo ambalo mara nyingi hupotoshwa. Utakutana na watu watakaokueleza kwamba kila aliyepita na mzigo Bagamoyo alikuwa mtumwa, na kwamba kila ukuta wa zamani ni soko la watumwa. Biashara ya watumwa ilikuwepo, na ilikuwa ya kikatili. Lakini wapagazi wengi wa karne ya 19, hususan Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi ya ujira. Walijadiliana malipo, waligoma, walitoroka mwajiri mbaya, na waliporudi kwao na vitambaa walioa na kununua mifugo. Ukiuzunguka mji huu na picha ya minyororo peke yake, utakuwa umewanyima watu hao kazi yao. Shika yote mawili kichwani unapotembea.

Nje ya lango utakuta vijana wanaojitolea kukuongoza. Wapo wanaojua sana, wapo wanaobuni. Kama hutaki, sema kwa upole, "Asante kaka, leo natembea mwenyewe," na usiendelee na mazungumzo ya bei. Kama unataka, kubalianeni bei kabla ya hatua ya kwanza, na mtake akuonyeshe kitambulisho.

4. Mtaa wa India, polepole

Kutoka Serai elekea upande wa bahari mpaka ukutane na mtaa mrefu unaokwenda sambamba na pwani. Huo ndio Mtaa wa India. Hapa punguza mwendo. Majengo mengine yamekarabatiwa, mengine yamebaki kuta na mti wa mwarobaini ndani, na yale yaliyobomoka yana somo kuliko yaliyopakwa rangi.

Tafuta ukuta ambao lipu imebanduka, usogee karibu. Utaona vipande vya matumbawe, vingine bado vina alama za vijishimo vya wadudu wa bahari, vimeshikanishwa kwa chokaa na mchanga. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Sasa inua macho penye dari iliyobaki: boriti za mikoko, zimepangwa karibu karibu. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Mkoko haukupi mti mrefu wa kubeba dari nzito, kwa hiyo vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba na virefu, mita mbili na nusu, tatu hivi kwa upana. Ukishalijua hilo, utaweza kuhisi mpangilio wa nyumba nzima kwa kuangalia msingi tu.

Kisha milango. Usipige picha mlango mzima na kuondoka. Angalia mfaa, ule mti wa katikati unaofunika mahali mabao mawili yanapokutana, maana fundi alikuwa anaonyesha ustadi wake hapo. Angalia fremu chini kabisa na uipande kwa macho hadi juu, ufuate mchongo wa mnyororo au wa majani. Kizingiti cha juu kikiwa na maandishi, soma au mwombe mzee akusomee. Milango yenye asili ya Kigujarati mara nyingi mabao yake yamegawanywa vijisanduku vidogo vidogo vya mraba na hujikunja. Ukitaka mifano mizuri, kuna jengo la posta ya zamani na ile nyumba inayoitwa Arab Tea House. Ulizia kwa majina hayo hayo.

Mtaa huu una mtu mmoja wa kumfuatilia: Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Kiismailia aliyetajirika kwa kuwauzia wenye misafara vifaa na kuwatafutia wapagazi. Alijenga shule Bagamoyo katika miaka ya 1890 na akataka iwe ya watoto wa rangi zote, jambo ambalo wakoloni wa wakati ule hawakulizoea. Alitoa pia fedha za hospitali Dar es Salaam, na ndiyo maana hadi leo Muhimbili kuna jengo linaloitwa Sewa Haji. Alifariki 1897. Jamatkhana ya Waismailia ipo mtaa huu huu. Ni mahali pa ibada, kwa hiyo itazame ukiwa nje, na ukitaka zaidi omba ruhusa.

Adabu ya mtaani: wazee wako barazani, nao wamekuona kabla hujawaona. Shikamoo kwanza, picha baadaye, na picha ya mtu ni kwa kuomba. Ukisalimu vizuri, mara nyingi utapata maelezo bora kuliko ya bango lolote: nani alikaa nyumba ipi, lini paa lilianguka, mtoto wa nani yuko Oman.

5. Ngome, Boma, na miaka miwili ya fujo

Upande wa kusini wa mji kuna Ngome Kongwe, iliyojengwa kama mwaka 1860 na tajiri wa Kiarabu, Abdallah Marhabi. Baadaye ilipita kwa Sultani wa Zanzibar, kwa Wajerumani, kwa Waingereza, na imewahi kuwa gereza na kituo cha polisi. Panda juu, tazama bahari, shuka. Hadithi ya handaki la chini kwa chini utasimuliwa tu. Isikilize, lakini usiilipie.

Boma la Wajerumani, lililojengwa kati ya 1895 na 1897, ndilo lenye mvuto zaidi kwangu, kwa sababu lilichelewa. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani mwanzoni, lakini kufikia 1891 walishahamia Dar es Salaam. Jengo hili kubwa la matao basi halikuwa la makao makuu ya koloni, lilikuwa la wilaya tu, katika mji ambao wenyewe walishaanza kuupa kisogo. Sehemu yake iliporomoka kwenye mvua za El Niño za 1997/98, kwa hiyo hata leo usiegemee wala kupanda mahali palipozuiwa.

Karibu na hapo ulizia Liku House, nyumba waliyoitumia Wajerumani kabla ya Boma. Hapo pafaa kukumbuka kilichotokea kati ya 1888 na 1889. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipokuja kuchukua forodha za pwani, watu wa mwambao walisimama, wakiongozwa na Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani. Bagamoyo ilipigwa mizinga kutoka baharini na watu wengi wakakimbia makwao. Hermann Wissmann, ofisa wa Kijerumani, aliletwa na jeshi la kukodi, na Desemba 1889 Abushiri akanyongwa Pangani. Mwezi huo huo Stanley, mpelelezi mashuhuri wa Kizungu, alifika Bagamoyo kutoka bara na Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana wa Equatoria, Wajerumani wakawafanyia karamu ya usiku, na Emin, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, akaanguka kutoka ghorofani na kuumia vibaya. Mabango huipa karamu hiyo nafasi kubwa. Mimi ningetamani wangeandika zaidi juu ya mitaa iliyochomwa.

6. Forodhani na soko la samaki

Sasa shuka baharini. Jengo la forodha la 1895 liko mchangani kabisa, na mizigo ya mji mzima ilipita hapo. Simama ukiwa umeligeuzia mgongo na utazame majahazi: kutoka hapa pembe zilivushwa hadi Unguja, ambako ndiko bei ilikopangwa.

Kelele unayoisikia ni ya soko la samaki. Mashua zikitia nanga, mnadishaji humwaga samaki juu ya turubai au meza ya saruji na kuanza kutaja bei kwa haraka ambayo mgeni haifuati. Usiingie kati kati ya wanunuzi ili upate picha, utakuwa umewaharibia watu riziki. Simama pembeni, angalia vidole: wengi hawasemi, wananyoosha tu. Mafungu ya kibua, changu, pweza waliopigwa mpaka wakalainika, ngisi, na kaa wamefungwa kwa kamba za ukindu. Pembeni akina mama na vijana wanakaanga kwenye makarai makubwa, mafuta yanachemka juu ya kuni. Chagua samaki wako akiwa mbichi bado: jicho liwe angavu, shavu jekundu. Uliza bei ya samaki na bei ya kukaanga, maana wakati mwingine ni mbili tofauti. Kwa muhogo wa kukaanga, pilipili ya kusaga na ndimu, hapo hapo umeshapata chakula cha mchana, na hakuna hoteli ya ufukweni itakayokupa bora kwa bei hiyo.

7. Makaburi na mahali pa kunyongea

Kutoka sokoni nenda kusini kando ya maji. Ni mwendo mfupi. Utakuta makaburi ya Wajerumani, ishirini hivi, mengi yakiwa ya askari waliokufa kwenye vita vile vya Abushiri, yamezungushiwa ukuta na kutunzwa. Karibu yake pana alama ya mahali Wajerumani waliponyongea watu waliowapinga. Wale wa kwanza kila mmoja ana jiwe lake. Hawa wa pili wana alama moja ya pamoja. Zitazame zote mbili kwa mfululizo, usiruke moja.

8. Misheni

Kutoka Mji Mkongwe hadi Misheni ni kama nusu saa kwa miguu kuelekea kaskazini, au bodaboda kama jua limekuchosha. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliingia Bagamoyo 1868, na njia ya kuingilia ina safu ya miembe mikubwa iliyopandwa miaka michache baadaye. Hicho ndicho kivuli bora zaidi mjini, kitumie.

Anza na makumbusho, ndani ya nyumba ya zamani ya masista. Picha za kale na maelezo yake yamepangwa kwa uangalifu kuliko mahali pengine popote Bagamoyo, na ukiuliza utajibiwa. Mapadri walikomboa watumwa, wengi wakiwa watoto, na wakawajengea kijiji cha uhuru chenye mashamba na karakana. Uhuru huo ulikuwa na masharti: kengele, kazi, ibada, na ndoa zilizopangwa. Uliza juu ya upande huo pia.

Kisha nenda kwenye mbuyu. Inasimuliwa kwamba Madame Chevalier, aliyehudumia zahanati hapa, alifunga mnyororo shinani ili amfungie punda wake, akauacha, na mbuyu ukaendelea kunenepa. Inama uangalie: pete chache za chuma zimechomoza kwenye gome, nyingine zimeshamezwa. Pale zilipopotea ndani, gome limejifunga bila kuacha alama.

Mnara uliobaki wa kanisa la kwanza, la 1872, ndio unaoitwa mnara wa Livingstone. David Livingstone, mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti, alifia Chitambo, katika Zambia ya leo, mwaka 1873, na watu wake, wakiwemo Susi, Chuma na Jacob Wainwright, waliubeba mwili wake kwa miezi tisa hivi hadi hapa. Ulifika Februari 1874, ukalazwa kanisani, kisha ukavushwa Unguja na kupelekwa London. Tangu asubuhi umekuwa ukifuata njia ya wapagazi. Huu ndio mzigo wao uliojulikana zaidi duniani, na majina ya wengi walioubeba huyajui. Kanisa kubwa la sasa, lililokamilika 1914, liko hatua chache tu kutoka hapo.

9. Kaole: leo au siku nyingine?

Kaole ni magofu ya mji uliotangulia Bagamoyo, kilomita tano hivi kusini, kupita TaSUBa, chuo cha sanaa. Ukilazimika kuchagua kati ya Misheni na Kaole kwa siku moja, chagua Misheni, kwa sababu inakamilisha hadithi ya misafara. Kaole ni zama nyingine na inastahili asubuhi yake. Lakini ukianza mapema na miguu bado ina nguvu, inawezekana.

Nenda kwa bajaji au bodaboda, na umwombe dereva akusubiri. Usitembee peke yako kwa njia ya ufukweni hadi kule: ni ndefu, haina watu, na watu wameporwa. Hapa pia ndipo ningekodi kiongozi wa pale pale, kwa sababu mawe hayajielezi yenyewe. Kuna misikiti miwili, mmoja ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi kadhaa, mengine yenye nguzo ndefu. Angalia nguzo hizo kwa karibu: vile vishimo vya mviringo ndivyo vilivyokuwa na bakuli za kaure za China, zilizopachikwa kama mapambo na fahari ya familia. Tafuta mihrabu iliyobaki ujue kibla kiko upande gani: kaskazini. Mtaalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick, alichimba hapa 1958. Kuna makaburi ambayo watu bado huja kuyaombea dua, kwa hiyo ukikuta ubani au kitambaa, usiguse.

10. Kurudi

Usiisubiri jioni sana. Mabasi ya kurudi Makumbusho yanapatikana stendi mpaka usiku unapokaribia, lakini yakipungua hupakia kwa kugombania, na Jumapili foleni ya Bunju hadi Tegeta inaweza kukukalisha kuliko safari nzima ya asubuhi. Ondoka saa kumi. Kama umenunua samaki wa kupeleka nyumbani, waombe wakutie barafu na mifuko miwili, na kondakta umwambie mapema, maana wengine hawakubali maji ya samaki ndani ya gari.